Kidari cha Muzee Adalbert

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua ya kwanza imeshuka saa nane mchana, na hapa Nyalukemba kila nyumba imetoa ndoo zake chini ya mabati. Nilikuwa mezani nasahihisha kazi za biolojia za wanafunzi wangu, ambao wameniandikia kwamba moyo una vyumba vitano, ndipo Placide akapiga simu. Placide ni mdogo wangu, mchimba dhahabu kule Mwenga. Kwa kawaida simu yake ni ya homa au ya shida. Leo alikuwa anacheka. Anasema kabla ya mwezi ujao kufika katikati atanitumia mbawala mzima.

Nami nikacheka, peke yangu jikoni. Nimemngoja mbawala huyo miaka ishirini na miwili. Siku ya harusi yangu baba yetu, Muzee Adalbert, mwindaji, alisimama mbele ya ukoo wa mume wangu Donatien akamwahidi mama mkwe wangu kidari cha mbawala. Katika ukoo wetu ndivyo baba wa binti anavyofunga maneno ya ndoa. Kidari kinakwenda kibichi, mbavu hazijatenganishwa, kimefungwa katika jani la mgomba, na mama wa mume anakipika kwa mkono wake. Baba akaanza kuumwa miguu, akaacha msitu, akafa. Kidari hakikufika.

Mama mkwe wangu, Maman Georgette wa Mudaka, hajakisahau hata wiki moja. Nikimpelekea sukari, ananiuliza tangu lini sukari imeota pembe. Nikimpelekea kitenge, anauliza mbavu zake ziko upande gani. Namheshimu sana, lakini ulimi wake umenichosha.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua. Barabara ya Mwenga mbovu, malori yamelala njiani. Placide hapatikani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mbawala amefika. Dereva wa lori alimshusha saa sita mchana langoni, amefungwa katika turubai. Kasema alipewa jana jioni, na hajui zaidi ya hapo.

Tulimtundika kwa miguu ya nyuma kwenye mparachichi nyuma ya jiko. Donatien ni mtu wa ofisi, tena ofisi ya kanisa. Akiona damu hukumbuka barua ambayo hajaiandika. Kwa hiyo aliyenishikia miguu ni Aurore, binti yetu wa miaka kumi na saba. Mimi nilifanya kazi kama baba alivyonifundisha: chana ngozi kuanzia kwenye kifundo, kisha weka kisu kando na usukume kwa ngumi, ngozi itoke yenyewe. Tumbo unalifungua kwa vidole viwili nyuma ya makali ili usipasue utumbo. Nyongo kwanza, kabla ya ini. Mikono yangu ilikumbuka kila kitu.

Aurore alimzunguka mnyama mara mbili, akauliza, "Maman, balimupiga wapi?"

Nikamwambia ashike miguu vizuri, haya si mambo ya kuongea. Nilimjibu kwa ukali, na kazi ilipokwisha nikampa figo achome kwa kumtuliza.

Ubavu wa mwisho uliniteleza, nikajikata kidole gumba. Si sana. Kidari kimetoka kizuri, kipana, mbavu zote zimeshikana. Paja nimelichemsha kuanzia saa tisa hadi karibu saa moja, na wote watatu tumekula.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda Mudaka na kidari changu, nimevaa kitenge kipya. Maman Georgette alikipokea kwa mikono miwili. Akafunua upande mmoja wa jani, akatazama kwa muda, akafunika tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzaha wake. Haukuja. Alisema tu, "Asante, Maman Aurore. Muzee Adalbert amenikumbuka."

Kisha akanihimiza nirudi mapema kwa sababu ya mvua, na hakuniruhusu nimsaidie kuwasha moto. Wajukuu wawili anaokaa nao walitaka kushika jani, akawafukuza kama kuku. Nimerudi nimeshiba sifa. Nimemwambia Donatien kwamba leo mama yake amekosa neno.

Jumanne, 8 Oktoba

Kidole kinapiga kama moyo. Wanafunzi wameuliza kwa nini naandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 10 Oktoba

Placide amepiga simu, anataka kusifiwa. Nikamsifu. Kisha nikamwuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mbawala alipigwa na bunduki au alinaswa na waya.

Nikasikia akisogea mbali na wenzake.

"Yaya, dada yangu, hakuna mutu alimupiga," akasema. "Bachimbaji balimukuta analala pembeni ya kijito. Alikuwa moto bado. Nilifikiri ukikata utaona mwenyewe. Weye mutoto wa muwindaji."

Nimekaa na simu mkononi hadi kioo chake kikazima. Sasa lazima niandike ambacho sikuandika Jumamosi. Niliona. Niliona kabla Aurore hajafungua kinywa. Hakukuwa na tundu la risasi, wala alama ya waya mguuni au shingoni. Mnyama aliyeuawa na mtu damu yake humwagika. Huyu damu yake yote ilibaki ndani, nyeusi kama oili iliyotolewa kwenye injini, na nilipokata paja ilijaa kwenye mishipa. Baba aliniambia nikiwa na miaka tisa: mnyama uliyemkuta amelala, mwache alale. Na shuleni kwetu, kwenye ukuta wa darasa langu, kuna picha ya mnyama kama huyu, amelala chini, amepigwa mstari mwekundu. Niliibandika mimi mwenyewe mwaka wa Ebola, na kila mwaka nasimama mbele yake nikiwasomea watoto: msiguse, msipasue, msile.

Nikaona, nikakata. Nilikuwa naufikiria ulimi wa mama mkwe. Nilikuwa naona sura yake atakapofungua jani. Nikajiambia moto unaua kila kitu, na ni kweli paja letu lilichemka saa nne nzima. Lakini kidari nilikipeleka kibichi. Na Aurore alishika miguu kwa mikono mitupu kwa sababu nilimwamuru.

Ninaogopa. Nimeandika neno hilo na halikunipunguzia kitu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia Donatien asubuhi, kabla ya chai. Nilitegemea apige kelele, na ningeshukuru. Aliuliza swali moja, kama mama yake anajua. Nikasema hajui. Akavaa koti, akatoa mwavuli, akanipeleka yeye mwenyewe kwa Colombe.

Colombe ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu, na mwanawe yuko darasani kwangu. Ni mtoto wake aliyeandika vyumba vitano. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanitazama kidole. Akasema huenda si kitu, labda mbawala alikunywa maji mabaya ya machimbo, labda nyoka. Lakini hatubahatishi. Tangu siku tuliyomshika tuhesabu siku ishirini na moja. Kipima joto asubuhi na jioni, kila mtu na sahani yake, na atakayepata homa asimguse mwenziwe, apige simu. Nami nisiende shuleni. Kisha akauliza ni nani tena aliyeishika nyama mbichi.

Nikamtaja mama mkwe. Kalamu yake ikasimama. Akasema bibi wa miaka sabini na sita lazima aambiwe kesho, na mimi ndiye wa kumwambia, ila nisimkaribie.

Mkuu wa shule nimempa habari kwamba ninaumwa. Si uongo kabisa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Njia nzima hadi Mudaka nilipanga maneno. Donatien alinipeleka kwa pikipiki ya ofisi, lakini alibaki barabarani. Alisema neno hili ni langu na mama yake.

Nilipofika kwenye uzio wa miti ya miyenzi, kabla sijabisha hodi, nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Baki pale, Maman Aurore. Kaa ku ile jiwe."

Alikuwa ameketi kizingitini, na kati yetu kulikuwa na uwanja mzima. Pembeni yake kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na sufuria moja. Wajukuu hawakuwapo. Akaniambia jioni ileile niliyoleta nyama aliwapeleka kwa mama yao kule Katana, akawaambia anataka kupumzika. Tangu siku hiyo hajaenda sokoni wala kanisani. Nilielewa yote hayo nikiwa bado sijakaa. Nilikalia jiwe.

Mvua ilianza. Hakuna aliyeondoka mahali pake. Nilianza hotuba yangu, nikamtaja Placide, nikataja kijito, na yeye akainua mkono.

"Nilionaka, mutoto. Nilifungua ile jani, nikaona. Nyama ya kuchinja haina damu ya vile."

Nikamwuliza, kama aliona, kwa nini alikula.

"Ungetaka nifanye nini? Nitupie imbwa kidari ya Muzee Adalbert? Siku ya ndoa bantu yote balisikia vile alisema. Alikufa na ile neno haijafika. Ningeitupa, yeye angebaki muongo." Akafuta mvua usoni. "Nikaipika siku nzima. Nikakula miye peke yangu. Mifupa nilichimbia chini, mbali, imbwa isifukue."

Miaka ishirini na miwili nimeamini kwamba mwanamke huyu anakitaka kidari ili anidharau kwa kukikosa. Kumbe alikuwa anamlinda baba yangu. Nililia pale jiweni bila kujificha, na yeye akaniacha nilie.

Kisha akauliza, "Na weye? Wakati ulikata, ulionaka?"

Ningeweza kukataa. Placide alikuwa amenipa njia: sikujua, nimeambiwa juzi. Kinywa changu kilianza hata kulitengeneza neno hilo.

"Nilionaka, Mama."

Maji yalikuwa yanatiririka katikati ya uwanja, mekundu kwa udongo. Kisha akasema, "Basi tuko babili."

Nimeacha unga, maharage na kipima joto juu ya jiwe; chumvi nimeisahau. Aliningoja nitoke nje ya uzio ndipo akaja kuvichukua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Donatien 36.4. Aurore 36.6. Mimi 36.5. Mama hajui kusoma kipima joto, anamsomea Donatien tarakimu kwenye simu moja moja: tatu, sita, nukta, nane.

Jumanne, 15 Oktoba

Kama jana. Mvua kama jana. Jirani ameuliza kwa nini sionekani shuleni. Nimemjibu kupitia dirishani, na ninaona hakuridhika.

Jumatano, 16 Oktoba

Aurore ameamka anaumwa kichwa na mgongo. 37.6.

Nilisimama mlangoni pa chumba chake, sikuruhusiwa kuingia, nikamtazama akiwa amejikunja kitandani, ameugeukia ukuta. Nilimzaa kwa saa ishirini, na leo nimeshindwa kuvuka hatua tatu kumshika paji la uso. Donatien alitaka kuingia, nikamvuta shati hadi likachanika mshono. Tulisukumana kimyakimya kwenye ukumbi, watu wazima wawili, kwa ajili ya nani aingie kwanza kwa mtoto ambaye hakuna aliyepaswa kuingia kwake. Nikamwambia mimi ndiye nilimwamuru ashike miguu. Akaniambia anajua. Alisema bila ukali, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Colombe alifika na glavu na miwani. Alikaa ndani dakika kumi. Alipotoka alikuwa anajizuia kucheka. Ni siku zake za mwezi tu, zimemjia kwa nguvu, na mtoto aliona haya kusema mbele ya baba yake. Jioni 36.7.

Nimewasha mshumaa kwa Bikira Maria. Kisha nimeshona shati la Donatien.

Ijumaa, 18 Oktoba

Salama. Udongo umeporomoka mtaa wa juu, hakuna aliyeumia. Jeraha la kidole gumba limefunga.

Jumamosi, 19 Oktoba

Asubuhi Mama alisoma: tatu, nane, nukta, tisa. Donatien akamwomba arudie. Akarudia, tena polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto mzito.

Tumekwenda na Colombe. Yeye alivaa nguo zake za kujikinga nyuma ya migomba ili majirani wasimwone, lakini walimwona. Ndani ya nusu saa barabara ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyekaribia. Mwanamke mmoja aliwaficha wanawe ndani ya kitenge chake. Mimi nilikalia jiwe langu. Nilisikia Mama akitetemeka ndani, meno yakigongana, na nilisikia akimwuliza Colombe anavaa plastiki ya nini, anaogopa mvua?

Nimesali sala mbaya leo. Nimesema, Mungu, kama ni lazima umchukue mtu, huyu ni mzee. Kisha nikakumbuka sahani moja na kikombe kimoja, nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Nikaomba upya. Nikaomba kwa ajili yake kuliko nilivyoomba kwa ajili ya baba.

Kipimo cha malaria kimeonyesha malaria. Nilisimama, nikataka kukimbia kwenda kwake. Colombe akanizuia kwa kiganja. Malaria ni malaria, akasema, lakini haizuii kitu kingine kuwa pamoja nayo. Amechukua damu, itapelekwa mjini. Amempa dawa. Tusubiri.

Wakati tunaondoka Mama aliita kutoka ndani, sauti nyembamba. Alitaka kujua kama nimekumbuka chumvi.

Jumapili, 20 Oktoba

39.2. Sikwenda misa. Nilikalia jiwe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na mwavuli. Hatukuongea. Kila baada ya muda niligonga jiwe kwa funguo, naye akagonga kikombe sakafuni. Mara moja alichelewa kugonga. Sitaisahau mara hiyo.

Jumatatu, 21 Oktoba

38.1. Damu bado haijajibiwa.

Jumanne, 22 Oktoba

37.4. Colombe amepiga simu saa tano asubuhi. Hakuna Ebola. Ni malaria peke yake. Niliacha simu mezani nikatoka nje kwenye mvua, nikapiga magoti chini ya mparachichi mbele ya jirani yule wa dirishani. Aone anachotaka kuona.

Hata hivyo Colombe anasema tumalize siku zote. Tutazimaliza.

Jumapili, 27 Oktoba

Kwetu siku zimetimia jana, kwa Mama zimetimia leo. Nimekwenda peke yangu. Nilipofika kwenye jiwe, miguu yangu ilisimama yenyewe, imezoea. Mama alikuwa kizingitini, amekonda, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri.

"Unaogopa nini? Vuka," akasema.

Nilivuka. Ni hatua kumi na saba, nimezihesabu kwa macho wiki mbili. Nilimshika mikono, ikawa na joto la kawaida la mikono ya mtu aliyekaa karibu na moto. Akakigeuza kidole changu gumba, akatazama kovu, akakiachia.

Nikauliza swali la kijinga, kama nyama ilikuwa nzuri. Akafikiri kwa dhati kabisa. Akasema mafuta ya mbavu yalikuwa matamu, ila ilikosa chumvi, kwa sababu mkwe wake huwa anasahau kumletea chumvi.

Kisha, wakati wa kuniaga: "Mara ingine unileteaka kuku. Muzima. Nitamuchinja miye mwenyewe, nimuone akikufa."

Alhamisi, 14 Novemba

Nimerudi darasani zaidi ya wiki mbili sasa. Leo ilikuwa zamu ya picha ya ukutani. Nilisimama mbele yake, nikashindwa kusoma. Mtoto wa Colombe akasoma kwa ajili yangu.

Jumamosi, 21 Desemba

Muhula umekwisha. Nimempeleka kuku Mudaka, jogoo mwekundu, mzima, ana hasira. Aurore alikuja pamoja nami. Wajukuu wamerudi, na uwanja umejaa kelele zao.

Mama alinoa kisu kwenye jiwe langu. Ndiyo, lilelile. Akaniamuru nishike mabawa, na nilipogeuza uso akasema, "Tazama." Nikatazama. Damu ilitoka nyekundu, ya kung'aa, ikachuruzika yote ardhini hadi tone la mwisho, na sisi wanawake watatu tukaiinamia tukaikagua. Aurore ndiye aliyeitikia kwa kichwa kwanza, kuonyesha ni nzuri.

Tulimnyonyoa pamoja. Nilidhani Mama atampeleka jikoni mzima. Badala yake alimlaza juu ya ubao, akatafuta kwa kidole mahali pa kukata, akatoa kidari chote, mbavu zimeshikana. Akamtuma Aurore kwenye mgomba kuchuma jani. Akakifunga, kibichi, akanipa kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Muzee Adalbert," akasema. "Yeye hayuko, basi mutoto wake atapika."

Nimekipika leo nyumbani, mwenyewe. Nimetia chumvi.